Mahindi ya Juu ya Moto

Kabla mashine haijafika mtaani kwetu Bunia, mahindi tuliyapukuchua kwa mikono. Tulikaa uani, mama na sisi wanawe, tukipukuchua mpaka vidole gumba vikachubuka. Baba hakushika hata hindi moja. Kazi yake ilikuwa kupita na kutuambia tunachelewa.

Huko kijijini tulikotoka, mahindi yalikaukia shambani, kwenye mabua. Baada ya vita hatukuthubutu tena. Tulilima kipande cha kukodi nje ya mji, na uvumi wa mapigano ukisikika tu, tuliyavuna kabla hayajakauka, tukakimbia nayo nyumbani kuyaanika kwenye turubai. Watu waliita hiyo amani. Haya.

Ya mbegu yalikuwa na heshima yake. Mama aliitoa mbegu ile kijijini siku tuliyokimbia, mbegu ya mama yake, ambaye yeye hakutoka hai. Kila mavuno alichagua mahindi bora, akayaning'iniza juu ya moto jikoni, moshi uyalinde na wadudu. Siku ya kupanda alitoa punje za katikati tu, moja moja. Hakuna mwingine aliyeyagusa.

Kisha mtu mmoja akaleta mashine ya kupukuchua, yenye kelele kama mlevi mlangoni. Kazi ya wiki ikawa ya asubuhi moja. Niliichukia na bado naichukia, ingawa napeleka mahindi yangu huko kama kila mtu.

Siku moja, mashine ikiwa bado mpya, mama alikuwa kanisani. Baba, kwa kuona vidole vya mama vilivyopasuka, akaamua angalau mara moja kumtendea wema. Alipakia kwenye baiskeli kila hindi lililokuwa nyumbani. Kila hindi.

Mama aliporudi alitazama magunia, kisha akatazama juu ya moto.

— Ile ya mbegu iko wapi?

— Nilipeleka yote, mama ya batoto. Mikono yako ipumuzike.

Akatia mkono guniani, akatoa punje, zote nyeupe, za mbegu na za kula hazitofautiki, nyingi zimevunjika. Hakugomba. Heri angegomba. Alilia amesimama, na mimi nikalia naye.

— Nyamaza, baba akasema. Tutakamata ingine kule mugini tulitoka.

— Kwa nani? Nani alibakia kule?

Baba, ambaye miaka yote alikataa kujenga nyumba mjini kwa kuwa eti sisi ni wa kurudi, kiangazi kile alianza kufyatua matofali.