Bangili za Mama Bhoke

Sifa zimrudie Mungu Baba, aliyenijalia miaka mingi ya kutazama mifupa ya watu bila kuchoka kumstaajabia aliyeiunga.

Nilitoka Nyansurura kwenda kujifunza eksirei katika hospitali ya misheni upande wa Tarime, miaka ya hamsini. Siku ya kwanza Mwalimu, ndivyo tulivyomwita mpiga picha mkuu, aliniingiza chumba cha giza. "Hapa macho hayana kazi," akasema. "Jifunze kwa vidole." Nikashinda nikipakia filamu kwenye kaseti, lile sanduku bapa lisiloingiza mwanga. Kesho yake nikaandika daftarini: kila chuma kivuliwe, maana huzuia mionzi na kwenye picha hutoka cheupe, kikaficha kilicho nyuma yake.

Mwezi wa tatu akaletwa Mama Bhoke. Alikuwa akilima, jembe likagonga jiwe, kipande cha chuma chake kikaruka kikazama karibu na kifundo cha mguu. Jeraha lilikuwa linatoa usaha.

"Nionyesheni kilipo, leo hii," Daktari Mkuu alisema. "Nikichimba kwa kubahatisha, atapoteza mguu."

Palepale kwenye kifundo Mama Bhoke alikuwa amevaa bangili tatu za chuma, alizovikwa siku ya kuolewa. Kwetu hazivuliwi ila mume akifa. Nililijua hilo, mama yangu mwenyewe alizivaa. Lakini kanuni ilikuwa kichwani na koleo mkononi.

"Lete mguu, mama, nizikate."

Akauvuta mguu. "Baba Bhoke! Njoo uone, kijana huyu ananifanya mjane!"

Mumewe akachungulia mlangoni. "Nimekufa lini? Asubuhi si nimekunywa uji?"

Mama akaanza kuteremka mezani aende zake na usaha wake. Ndipo Mwalimu akaingia, akaninyang'anya koleo. "Wewe umezaliwa Nyansurura, au umeletwa na meli juzi?" Akamgeukia mume. "Shikamoo, mzee. Mke ni wako. Zipandishe wewe mwenyewe, zisitoke mguuni."

Tukapitisha bandeji ndefu chini ya bangili. Baba Bhoke akavishwa aproni nzito ya kuzuia mionzi, akasimama mbali kidogo, akavuta taratibu mpaka zikapanda kwenye shavu la mguu.

"Inauma?"

"Shika vizuri, usitetemeke kama siku ile ya kunivika," mkewe akajibu, akicheka na machozi yakimtoka.

Nikapiga. Katika chumba cha giza niliitikisa filamu kwenye dawa huku nikiomba. Kile kipande kikajitokeza kando ya mfupa, cheupe, kidogo kama punje ya mtama. Daktari akakitoa siku hiyohiyo, na mguu ukapona.

Siku Mama Bhoke alipoondoka nilimwomba msamaha.

"Mama yako yu hai?" akaniuliza.

"Yu hai."

"Na baba?"

"Yupo."

"Basi msalimie mama, mwanangu. Habari ya koleo usimwambie."

Sasa nimestaafu. Wajukuu zangu mnaosomea kazi hii, mna mashine nzuri kuliko yetu. Kabla ya kumwambia mgonjwa avue, muulizeni kwanza alivikwa na nani. Wewe uliyesoma hadi hapa, Bwana aibariki mikono yako, na kila atakayelala mbele yako akiwa na hofu ainuke na amani. Amina.