Nilipoandika "Kila Asubuhi"

Ipo siku moja ambayo haijawahi kunitoka kichwani, mwanangu. Ni ile siku baba yako alisoma makala yangu kwa sauti dukani kwetu Runzewe, bila kujua kwamba mtu niliyemwandika amesimama nyuma yake akisubiri sukari.

Najua utashangaa nikikuita mwanangu. Nina miaka ishirini na saba, sina hata mvi moja (nimetafuta). Lakini mimi ni shangazi yako, na shangazi hapa kwetu hasubiri azeeke ndipo aseme. Umeniambia mwalimu anataka muandike insha ya "Mimi ni nani", na kwamba wewe utaandika jinsi watu wanavyokuita Mwarabu. Andika. Ila nisikilize kwanza.

Nilikuwa nimemaliza chuo, nimerudi nyumbani bila kazi. Jarida moja la mtandaoni likaomba makala za vijana kuhusu rangi na asili zao. Nikasema, hapa ndipo pangu. Babu wa baba yetu alikuja kutoka Tabora akiwa Mwarabu nusu tayari, mama yetu ni Msumbwa, na hii ngozi na hizi nywele unazijua, maana nawe unazo. Niliandika sentensi ya kwanza, nikaifuta, nikaiandika tena, nikaamka kunywa maji, nikaifuta. Mwisho nikapata hii: "Kila asubuhi mwanamke muuza mchele aliniita Mwarabu, na kila asubuhi nilijiona mgeni mahali nilipozaliwa."

Mhariri aliipenda sana. Akasema itatoka Ijumaa, nithibitishe tu. Ingekuwa makala yangu ya kwanza kuchapishwa, na baba yako akaninyang'anya simu kwa furaha, akaanza kusoma kama anatangaza mpira.

Muuza mchele mwenyewe ni Mama Kulwa, huyu unayemwita bibi. Meza yake imetazamana na duka letu tangu kabla sijazaliwa.

"Muuza mchele gani huyo?" akauliza kutoka nyuma.

Baba yako akageuka, simu nusura imponyoke. "Aa, shikamoo mama. Ni wa... ni wa hadithi tu."

"Marahaba. Runzewe hii ina wauza mchele wangapi wanaotazamana na duka la Mwarabu?" Akachukua sukari yake, akanigeukia. "Umeandika vizuri. Mpaka mimi mwenyewe nimemchukia huyo mama."

Akaondoka.

Kesho yake nilipofungua duka, hakuniita Mwarabu. Hakuniita chochote. Alikuwa akipepeta mchele wake na kuangalia barabara kama vile mlango wetu ni ukuta. Nilitaka kuvuka, nikasita. Nikienda sasa ataona nimeogopa. Nisipoenda ataona nina kiburi cha shule. Nikienda na soda ataona namhonga. Mpaka nilipomaliza kuwaza, wachimbaji watatu walikuwa wameshanunua mchele na kwenda zao. Nikavuka mikono mitupu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa." Akanisogezea ndoo iliyopinduliwa. "Nijibu bila maneno ya chuo. Nikikuita Mwarabu, unaumia?"

"Siku ile ya ngoma niliumia."

Nilikuwa na miaka kumi. Shule ilipata mgeni, na Mama Kulwa ndiye aliyetufundisha ngoma ya kumpokea. Wimbo ule wa Kisukuma niliujua kuliko wote. Akanitoa mstari wa mbele, watu wote wakitazama: "Mwarabu akae nyuma, mgeni asije akadhani tumeazima watoto." Uwanja mzima ulicheka. Nami nilicheka, kisha nikaenda kulia chooni.

Nilipomkumbusha, mkono wake ulisimama juu ya ungo.

"Nilisema hivyo?"

"Ulisema, mama."

Akauweka ungo chini. "Kweli, nilisema. Nilikukosea, ng'wana wane, mwanangu. Hilo liandike, hata jina langu weka. Lakini hiyo 'kila asubuhi' umeitoa wapi? Asubuhi ile una homa na mama yako yuko Geita, nani alikukorogea uji? Na ulipokuwa ukipita hapa na wenzako, 'Mama Kulwa, habali ya mchele?', mkikicheka Kiswahili changu, hiyo umeiandika ukurasa gani?"

Sikuwa nimeiandika ukurasa wowote.

Nitakuambia ukweli, mwanangu. Niliandika "kila asubuhi" kwa sababu siku moja ilionekana ndogo. Niliogopa msomaji wa mbali atasema, ndiyo hiyo tu? Basi nikalichukua jeraha langu la kweli nikalipulizia hewa, na hewa hiyo sikuipata pengine ila kwa mama wa watu.

Niliiandika upya yote: ngoma, choo, uji, na ile "habali" yangu. Nikamsomea Mama Kulwa kwanza. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema sehemu ya uji nimeisifu mno, ulikuwa na mabonge. Mhariri akajibu kwamba mwanzo wa zamani ulikuwa mkali zaidi, turudi huko au tuache. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilijibu ujumbe bila kuufuta hata mara moja. Niliandika: "Tuache."

Ijumaa ilipita, makala haikutoka. Jumamosi nilipofungua duka, sauti ikavuka barabara: "Wee Mwarabu! Shikamoo yangu umemwachia nani?"

"Shikamoo, mama! Habali ya mchele?"

Alicheka hadi akashika meza.

Sasa nisikilize. Asikuambie mtu kwamba hukuumia, wala kwamba ulikuwa utani tu. Anayejua ni wewe. Kama kweli ni kila siku, andika kila siku, wala usimwogope mtu. Kama ni siku moja, iandike siku hiyo moja kwa urefu wake wote, inatosha. Aliyekuumiza mwandike mzima, awe na mikono na uji wake. Yale uliyowafanyia wengine usiyaruke, hata kama hapo ndipo kalamu inakuwa nzito. Na kabla hujampelekea mwalimu, vuka barabara ukamsomee uliyemwandika, kama bado yupo na kama ni mtu anayeweza kusikiliza.

Nenda kaandike, mwanangu. Mungu akupe maneno yanayokutosha, ujasiri usikupungukie, na kila mlango unaoupita hapa Runzewe uwe na mtu wa kukuita kwa sauti asubuhi, nawe uwe na la kumjibu.