Mahindi ya Mgeni

Kuvu ninayoifanyia utafiti huanza kama rangi ya waridi hafifu kwenye ncha ya hindi, chini ya maganda, mahali ambapo mkulima hatazami. Haina haraka. Hutoa protini zinazomeng'enya kuta za punje, hujilisha kwa kilicholainika, kisha huacha sumu ambayo moto wa jikoni hauiondoi. Moja ya protini hizo nimeishughulikia kwa miaka mingi katika maabara ndogo mjini Kitale. Tunasaga punje, tunachuja maji yake, tunayapitisha kwa umeme katika kipande cha jeli, na protini ikiwamo hujitokeza kama mstari wa buluu. Wanaodhani profesa huishi katika mawazo makubwa wangeshangaa kuona jinsi siku zangu zinavyotegemea mstari usiozidi upana wa uzi.

Mwaka juzi, baada ya mavuno, nilihitaji mahindi kutoka Tongaren. Shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba, hupanda huko mbegu ya kienyeji aliyoitunza tangu alipoolewa. Nilimwomba aniwekee mahindi ya shamba lake na ya jirani yake, yakiwa kama yalivyo. Nilipokwenda kuyachukua niliketishwa sebuleni, kwenye kiti chenye kitambaa cha kufuma, nikapewa chai, kisha kuku, na mahindi yakaletwa ndani ya gunia jipya. Sikuingia ghalani. Kwetu, mtoto wa ndugu aliyefika na viatu vya mjini haingii kuchokoachokoa ghala la shangazi yake. Ingeonekana amekuja kupima umaskini wake. Kwa hiyo nilikula, nikashukuru, nikaondoka. Kila mwaka huwaambia wanafunzi wangu kwamba mtafiti huchukua sampuli kwa mkono wake mwenyewe, bila kuchagua. Siku ile sikujiambia.

Mahindi ya mashamba mengine yote niliyoyapima yalikuwa na mstari. Ya Tongaren hayakuwa nao. Tulirudia mara tatu, na mara tatu jeli ikabaki tupu. Nilifurahi kuliko inavyompasa mtu wa umri wangu, na kabla ya kuandika neno lolote kwa wenzangu wa taaluma nilifanya jambo ambalo ningemkaripia mwanafunzi kwa kulifanya: nilizungumza. Katika ukumbi wa kanisa huko Myanga, mbele ya wakulima waliokuwa wamepoteza sehemu kubwa ya mavuno yao kwa uozo, nilisema kwamba mbegu yao ni mbaya, na kwamba Tongaren kuna mbegu inayoelekea kuikataa kuvu. Walioniamini walisafiri baada ya mavuno yaliyofuata, wakaleta mbegu hiyo gorogoro kwa gorogoro, ile mikebe ya kupimia nafaka, wakaiweka kusubiri mvua za Machi.

Mwezi wa Januari nilikwenda kumshukuru shangazi, bila kutoa taarifa. Nilimkuta nyuma ya jiko, ameketi juu ya turubai pamoja na jirani yake, wakichambua mahindi. Palikuwa na mafungu mawili. Moja lilikuwa jeupe. La pili lilikuwa na ile rangi ya waridi ninayoifahamu kuliko nyuso za watu wengi, na halikuwa dogo.

"Shangazi, haya ni ya nini?"

"Hiyo ni ya kuku. Toka hapo, utachafua suruali."

"Na yale mliyonipa mwaka juzi?"

"Ile ilikuwa ya mgeni," akasema, bila kuinua macho.

Jirani akacheka. "Si ulikuja na gari, mwalimu? Ati tukupee uozo upeleke Kitale, watu wa huko waseme Tongaren tunakula takataka?"

"Niliomba yakiwa kama yalivyo."

"Tulikuchagulia moja moja," shangazi alisema. "Hata mgongo iliniuma."

Niliketi kwenye ukingo wa turubai nikawaeleza. Niliwaambia pia wasiwape kuku mahindi yale, kwa maana sumu ni ileile. Shangazi alisikiliza, mikono yake ikiwa imetulia mapajani.

"Na hao watu wa Myanga walikuja kubeba mbegu?"

"Yao itaoza kama yenu."

"Wako na watoto, hao," akasema.

Nilimwahidi kwamba nitakiri kosa bila kuitaja nyumba yake. Alijaza mfuko kwa mahindi mabovu, akaufunga kwa kamba ya katani, akaufunika kwa leso yake. "Usipitie sokoni," akaniagiza. Kitale mstari ulitokea, mpana na mzito.

Sijapata kusimama mahali pagumu kama ukumbi ule mara ya pili. Nilisema kwamba sampuli zilikuwa zimechaguliwa, kwamba sikuzichukua mwenyewe, na kwamba mbegu ile haina kinga yoyote ninayoijua. Nilifungua mfuko, mahindi yakazungushwa mkono kwa mkono. Niliwashauri wapande mbegu yao ya awali.

"Yetu tulisaga tukakula," alisema mama mmoja wa safu ya mbele. "Si ulituambia iko mbaya?"

Nilimjibu kwamba ndivyo nilivyosema. Hapakuwa na jibu jingine la kweli.

"Na nani alichagua hiyo ya kwanza?"

"Watu waliotaka kuniheshimu."

Akaligeuza hindi bovu mkononi kwa muda. "Hata mimi ningechagua," akasema, na nikaona vichwa vikiitikia ukumbi mzima. Nimesoma mengi juu ya uongo, lakini karibu yote yaliandikwa na watu wanaodhani uongo huanza na nia mbaya. Ule wetu ulianza na chai na kiti kizuri, na mimi niliyekikalia ndiye niliyepaswa kujua zaidi.

Baadhi walitafuta mbegu nyingine. Yule mama hakupata. Alipanda ya Tongaren. Mavuno yalipofika nilikwenda kwake kuchukua sampuli. Mahindi yake yalikuwa yameoza kwa kiasi kilekile cha majirani. Hakunikaribisha sebuleni wala hakuulizia safari yangu. Alinikabidhi gunia tupu, akanionyesha mlango wa ghala, akarudi kwenye kazi zake.