Matanga Mbele ya Geti la Bluu

Nashonea barazani, uso nimeelekeza barabarani, na ng'ambo ya barabara palikuwa na zahanati ya mtu binafsi yenye geti la bluu. Mtaa mzima tulijua kazi ya pili iliyofanyika mule ndani, na hakuna aliyeitaja. Wasichana walikuja asubuhi na mapema, kanga wameivuta hadi puani, na wengine walijidai wamekuja kwangu kupima nguo ili wapate pa kusimama wakijipa moyo. Niliwapima. Fundi cherehani akikuzungushia futi kiunoni anajua mengi, lakini mimi kazi yangu ni kushona, mahubiri nawaachia wenyewe.

Mke wa kaka yangu hakuwa hivyo. Yeye ni mtu wa Igunga, Mkristo wa kwaya na mifungo, na kaka alimwoa na dini yake. Sisi Waislamu wa Tabora mjini tulinuna kidogo, kisha tukamzoea hadi tukasahau kwamba tuliwahi kununa. Mwaka jana binti yao mkubwa aliingia geti lile bila kumwambia mtu. Alitoka kwa miguu yake mwenyewe, akafika nyumbani, akasema anaumwa tumbo, na kesho yake tukamzika. Watu tuliwaambia malaria. Kaka ndiye aliyetaka isemwe hivyo, na kila aliyekuja kuhani alijibiwa hivyo.

Jambo lililomkaba wifi halikuwa hilo peke yake. Huku kwetu mimba ikiharibika, wanawake watu wazima wanaizika kimya kimya na siku inaendelea. Hapawekwi matanga wala hapatolewi pole. Wifi alisema amezika watu wawili na amepewa pole ya mmoja. Alikwenda polisi, wakamtaka alete ushahidi, na ushahidi wake ulikuwa makaburini. Alikwenda kwa dokta mwenyewe, hata geti hakufunguliwa.

Ndipo yeye na akina mama wa kikundi chake cha maombi wakapanga jambo lao. Hawakutaka kurusha mawe wala kumtukana mtu. Wangeweka msiba pale getini, bila kuomba kibali kwa mtu: mikeka, mafiga na kuni, vitenge viunoni, nyimbo za sauti ya chini, wakae hadi dokta atoke kutoa pole kama afanyavyo mtu yeyote mwenye msiba mlangoni pake. Polisi wangekuja, walilijua hilo. Wangekubali kuchukuliwa.

Nilimwambia ukweli wangu, maana mimi sina dogo. "Wifi, hilo geti likifungwa litafunguliwa lingine mtaa wa pili. Sasa faida yake nini?"

"Nataka atoke aseme pole," alisema. "Akishasema, nitakunja mkeka wangu niondoke."

Kaka alisikia. Ni fundi baiskeli, si mtu wa makelele. Alimwambia mbele yangu, huku akiendelea kuziba pancha, "Mwanangu nimemsitiri. Ukikaa pale watu watauliza nani amekufa, na wewe utawajibu. Ukishawajibu, usirudi kwangu." Nilimtazama wifi nikidhani atalia. Aliuliza tu kama ile sufuria kubwa ilikuwa kwangu au kwake.

Walikaa Jumatatu. Nilikuwa nimeapa sitavuka barabara, nikakaa na cherehani yangu nikishona mshono uleule na kuufumua. Kitu ambacho sikukifikiria, na nadhani hata wao hawakukifikiria, ni kwamba watu wa hapa hawawezi kuupita msiba. Wazee waliotoka msikitini waliona mikeka, wakavuka, wakakunja kanzu zao na kukaa upande wa wanaume. Mama muuza mkaa alileta kuni. Dereva wa bodaboda alizima pikipiki, akavua kofia. Mtu akaleta unga. Kila aliyefika aliuliza kwa heshima nani amefariki, na wifi alimjibu kila mmoja, bila kupandisha sauti.

"Mjukuu wangu. Hakuwahi kuzaliwa. Alifia humu ndani, na mama yake akamfuata."

Wapo waliosimama palepale wakaondoka bila kuaga. Wapo waliobaki wakitazama chini. Mwanamke mmoja mtu mzima, jirani yangu wa miaka mingi, alimkumbatia wifi akalia kilio kirefu, na hakuna aliyemuuliza anamlilia nani. Nilimkasirikia wifi kwa kumwanika mtoto wetu barabarani, na papo hapo nilimpenda kuliko siku zote. Nilivuka na birika la chai.

Niliporudi nilimkuta msichana amejibanza nyuma ya pazia la kupimia. Alikuwa na mfuko wa plastiki wenye sketi moja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Una shida gani?"

"Naomba unipanulie hii kiuno." Macho yake yalikuwa getini. "Hao watakaa mpaka saa ngapi?"

"Sijui, mwanangu. Umetoka wapi?"

Alitoka Tura. Alikuja na treni, mama yake anauza mayai ya kuchemsha stesheni ya kwao na alimwambia anakwenda kumwona shangazi. Nilimwambia akae anywe chai. Alikaa, hakunywa. Akina mama walipoanza wimbo mwingine aliinuka, akasema sketi ataifuata siku nyingine, akaondoka kwa kupitia uani. Hakuwa amebadili mawazo. Alikuwa ameogopa watu, basi, na nilimwona hivyo kwa macho yangu.

Polisi walifika baada ya adhuhuri. Waliposhuka kwenye gari walivua kofia kwanza, kwa mazoea, kisha wakakumbuka wametumwa nini wakazivaa tena. Mkubwa wao alichutama karibu na wifi.

"Mama, msiba unakaliwa nyumbani kwa marehemu."

"Nyumba yake alikuwa mama yake, afande. Na mama yake, waliommaliza ni hawa."

Yule askari aliinuka, akawaomba wapande gari. Walipanda wakiimba. Wazee walibaki wamekaa kwenye mikeka isiyo na wenyewe, hawajui kama waondoke au wasubiri. Vijana walikuwa wamepiga video, na kabla ya alasiri ilikuwa imefika Igunga kwa wazazi wa wifi. Dokta hakutoka. Nilimwona dirishani mara moja, akachungulia, akafunga pazia.

Wenzake wifi walitoka kwa dhamana, kwa sharti la kutolikaribia geti tena. Wifi alikataa sharti. Alilala mahabusu, akalala tena, hadi polisi wenyewe wakachoka naye wakamwachia bila kumfikisha mahakamani. Alitoka amekonda, anakohoa, na kaka alikuwa amekwisha kuleta sanduku lake barazani kwangu. Nilikwenda kugombana naye. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema anaona aibu kupita sokoni. Yule kaka yangu ameisha, na talaka haijatamkwa ila ipo.

Zahanati ilifungwa wiki hiyohiyo. Akina mama wa maombi walikuja kwangu kushangilia, wakapiga vigelegele uani. Baadaye tukasikia dokta amehamia ng'ambo ya reli, safari hii hana hata kibao. Mchungaji wao alikuja kumpa wifi moyo, akasema ushuhuda hauna hasara hata kama hakuna kilichobadilika. Nilimjibu, kwa adabu lakini nilimjibu, kwamba hasara imekaa pale kwenye mkeka inakohoa, na wasichana sasa wanatembea mbali zaidi. Wifi alinitaka ninyamaze.

Asubuhi yake aliniuliza, akiwa amenipa mgongo, "Hakuna hata mmoja aliyerudi njiani?"

Kweli nilikuwa nayo. Nilimwambia yuko mmoja, wa Tura, mama yake anauza mayai stesheni, na nikamwambia pia kwamba alirudi kwa woga. Neno la woga hakulisikia. Niliiona furaha ikimpanda usoni, furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu mazishi, na nikashindwa kulirudia neno lile. Alianza kumwombea yule mtoto wa tumboni kila alfajiri. Aliokota mabaki ya vitambaa vyangu akashona kigauni, kwa mkono, maana cherehani hajui. Kisha akachukua kigauni na ile sketi, ambayo nilikuwa nimekwisha kuipanua, nikampeleka stesheni, akapanda treni kwenda Tura. Reli ile imepita ilikopita misafara ya zamani, watu wamebeba mizigo yao humo tangu enzi hizo.

Alirudi kesho yake, akaingia ndani, akalala bila kula. Siku kadhaa alikuwa akijibu ndiyo na hapana tu. Kisha jioni moja, tukichambua mchele, alianza kusema mwenyewe.

Aliposhuka alimuulizia mama muuza mayai wa stesheni. Walimwonyesha nyumba, na nje ya nyumba palikuwa na mikeka na watu. Msichana alikuwa amezikwa juzi yake. Wanawake walinong'ona kuhusu mizizi aliyopewa na bibi mmoja kijiji cha mbele. Wifi aliitoa sketi, kigauni akakiacha mfukoni, akasema ametumwa na fundi wa Tabora. Yule mama aliipokea, akaipima kwa macho, akaona imepanuliwa kiuno, akaikunja na kuikalia.

Geti lingekuwa wazi siku ile, huenda yule msichana angekuwa anauza mayai na mama yake leo. Au angetoka kwa miguu yake kama binti yetu, akafika nyumbani, akalala. Sijui, na anayejua aje aniambie.

"Alinishukuru," wifi alisema. "Alisema nimetoka mbali, na watu wa mbali hawaji siku hizi. Akanikalisha karibu yake."

Nilimuuliza kama alimwambia yeye ni nani.

"Ningemwambia nini, wifi? Alinipakulia ugali kwa mkono wake. Nikala."