Barabara Iliyomtenga Mama na Mama Riziki

Enzi zetu, wenzangu mliokulia mjini Baraka, barabara ilikuwa ya miguu. Tukitoka shuleni tulitupa mifuko ukingoni, tukaruka kamba katikati ya njia mpaka vumbi likatufika magotini. Gari likitokea, dereva alisimama akangoja tumalize kuhesabu. Harufu ya ndagala, dagaa wetu wa ziwani, wakikaangwa ilitoka nyumba hii ikaingia ile. Mama alipaza sauti mlangoni tu: "Batoto, mupelekee Mama Riziki sombe mbele ipole." Mama Riziki, rafiki yake, alikaa ng'ambo ya barabara, hatua chache, na sombe, kisamvu chetu, ilimfikia ingali moto. Watoto wa leo nikiwasimulia hucheka bila kuinua macho kwenye simu, wanadhani natunga.

Mwaka huu nimerudi kukaa na mama. Barabara imepanuliwa, mipera iliyokuwa kando yake imekatwa, malori ya kwenda Fizi na pikipiki za abiria hazipumziki. Jioni moja nilimwona mama amesimama ukingoni na sahani iliyofunikwa kitambaa. Alitanguliza mguu, akaurudisha. Akajaribu tena. Mwisho akarudi ndani.

"Mama Riziki iko mugonjwa," aliniambia. "Siku tatu sijamufikia. Mulango yake naiona, lakini njia inanishinda."

Kesho yake nilikwenda kwa shefu wa avenue, mkuu wa mtaa wetu, kuomba matuta ya kupunguza mwendo.

"We unataka kuzuia gari?" akaniuliza. "Maendeleo inapita pale."

"Shefu, hata bamama banapita pale."

Akaruhusu matuta mawili. Jumamosi nzima wanawake wa mtaa tulibeba mawe na udongo. Waendesha pikipiki walitutukana. Wawili wakashuka, wakashika majembe.

Jioni ile nilimshika mama mkono, tukavuka. Mama Riziki alikuwa amelala mkekani, amekonda. Mama alimlisha sombe kidogo kidogo. Siku hizi Mama Riziki anaketi, anaanza kugomba tena, nasi tunashukuru.

Ila mvua ya kwanza ilibomoa tuta moja. Tumelijenga upya; najua litabomoka tena. Zamani hakuna aliyeomba ruhusa ya kwenda kumsalimu jirani. Leo tunaipigania kwa jembe kila mvua ikinyesha, na kila honi ikilia naacha ninachofanya, natoka mlangoni kuangalia mama yuko upande gani.