Siku Dada Bhoke Alipoleta Jumasita

Enzi zetu pale Manyamanyama, Bunda, hakukuwa na simu ya kukukumbusha leo ni siku gani. Siku ulikuwa unaimbishwa shuleni mpaka sauti inakauka.

Mwaka mmoja, siku ya kufunga shule, dada yangu Bhoke alichaguliwa kughani shairi la siku za wiki mbele ya wazazi. Baba, aliyekuwa akifanya kazi Musoma na kurudi mara chache, alikuja makusudi kumsikiliza. Mzee Jumanne, fundi cherehani jirani yetu, alimshonea gauni la njano lenye marinda kama kabichi.

Bhoke akaanza kwa madaha: "Jumatatu ni ya shule, uvivu ukae kule!" Jumanne akaipita salama, Mzee Jumanne akajipigia makofi mwenyewe. Jumatano pia. Halafu akavuta pumzi, akatoa kwa sauti ya juu:

"Jumasita..."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Bhoke akasimama, macho yamejaa machozi, akamtazama baba. Kisha akapiga mguu chini.

"Sasa baada ya tano si inakujaga sita?"

Mwalimu mkuu alicheka mpaka akavua miwani. Ndipo Mzee Jumanne akapaza sauti kutoka nyuma: "Endelea mjukuu wangu, wiki haijaisha!"

Akaendelea, huku analia, mpaka Jumapili. Alipigiwa makofi kuliko wote.

Mimi nilijua nyumbani kuna fimbo, maana baba hakuwa mtu wa mchezo. Kumbe alimpakia kwenye keria ya baiskeli, akamwambia taratibu, "Siku hazigandi, mwanangu. Kesho watamcheka mwingine." Bhoke akamwegemea mgongoni, akafuta machozi. Mtaani watu waliagana "tutaonana Jumasita" mpaka mwaka ukaisha.

Vijana wa leo nao wana yao. Ijumaa wameibatiza Furahidei, na wanaijua kwa bando la wiki kukata. Sitawacheka sana. Ila sisi Jumapili tuliinusa tangu Jumamosi: pasi ya mkaa jioni, mafuta ya nazi kichwani, na asubuhi wali, huo wali wa mara moja kwa wiki. Sasa wanangu wanakula wali hata Jumanne, wanalalamika, na Jumapili inapita mlangoni kwetu bila hata kupiga hodi.