Mitego ya Mama Rehema Niliitundika Kwangu

Nakubali, kosa ni langu. Sio la bwana shamba wala la mvua.

Nina miembe Chanika. Jirani yangu Mama Rehema, mjane wa kutoka Lindi, naye alikuwa na ya kwake, tumetenganishwa na uzio wa michongoma tu. Mke wangu alipolazwa, huyu mama ndiye aliyewapikia wanangu mpaka mama yao akatoka hospitali.

Nzi wa matunda walikuwa wanatutesa wote. Unapasua embe zuri, ndani funza tupu. Msimu uliopita bwana shamba akaniletea mitego, vikopo vya plastiki vyenye chambo cha harufu inayowavuta nzi dume. Dume anadhani kuna jike, anaingia, anafia humo.

"Nusu ya hii mpelekee jirani," akaniambia. "Mtege wote. Isipotegwa kwake, majike watapandwa hukohuko, halafu waje kutaga kwako."

Nikasema sawa. Sikumpelekea. Niliitundika yote kwangu, nilitaka mnunuzi akija akute maembe safi ni ya kwangu peke yangu.

Mama Rehema akaviona vikopo. "Baba Joyce, hivyo ni vya nini? Na sie tunavipata wapi?"

"Vya majaribio tu, mama. Havisaidii kitu."

Akaniamini.

Vikopo vikawa vinajaa madume, mie nafurahi. Kumbe majike wanavuka kutoka kwake, kama nilivyoambiwa. Mnunuzi akapasua maembe yangu, akapasua ya Mama Rehema, akapanda gari lake akaondoka. Tukafukia mavuno, mie huku, yeye kule.

Halafu bwana shamba akapita kumuuliza Mama Rehema mitego yake imemsaidiaje. Ndipo akajua.

Nilitegemea matusi. Alisimama kwenye uzio akasema taratibu, "Baba Joyce, ungesema tu hutaki kunipa. Ningeelewa."

Hata samahani sikumwomba.

Haukupita muda akaita watu wa msumeno. Miembe aliyopanda na marehemu mumewe ikaangushwa yote, shamba likauzwa viwanja, akarudi kwao Lindi. Simu zangu hapokei. Mke wangu naye ananisemesha ya lazima tu.

Wewe unayesoma, kama umeshika kitu cha jirani yako, kipeleke leo, angali yupo. Mie nikivuka uzio sasa namkuta fundi anachimba msingi wa nyumba ya mtu nisiyemjua.